Sonona: Maswali Yanayoulizwa na Wananchi wa Simiyu

Sonona ni nini?
Ni ugonjwa wa akili unaomkosesha mtu furaha, au hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi. Usingizi hupotea au huzidi, chakula hakipiti, na mgonjwa hujiona hana thamani. Wengi hufika zahanati wakilalamikia kichwa, mgongo au moyo kwenda mbio. Huzuni hawaitaji kabisa.

Kila mwenye mawazo ana sonona?
Hapana. Mkulima wa Maswa aliyeuza pamba kwa bei isiyorudisha gharama ana kila sababu ya kuhuzunika, na mara nyingi huzuni hiyo hupungua siku zikienda. Wiki zikipita, ng'ombe hawatolewi zizini na mwenyewe hataki kusemeshwa, apelekwe kituo cha afya.

Inasababishwa na nini?
Mara nyingi sababu huungana: kurithi, kufiwa, madeni, ukatili nyumbani, pombe, maradhi ya muda mrefu kama kisukari. Mama aliyejifungua naye huweza kuugua, akawa analia tu na hataki kumpakata mtoto. Huyo ni mgonjwa, asiitwe mvivu.

Wanasema amerogwa. Ni kweli?
Familia ikihangaika hutafuta maelezo, na wengi huanzia kwa mganga. Lakini sonona hailetwi na bibi wa jirani. Macho yake mekundu, yanayofanya ashukiwe uchawi, ni ya moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, na tuhuma kama hizo zimewagharimu wazee maisha yao.

Inatibika?
Ndiyo, kwa ushauri nasaha (mazungumzo ya tiba na mtaalamu), dawa, au vyote viwili. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu na usiziache ghafla bila mtaalamu kukuelekeza. Anzia zahanati iliyo karibu. Ikibidi utapewa rufaa hadi hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Una haki ya kuelezwa matibabu yako na kutunziwa siri.

Mtu akisema amechoka kuishi?
Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Asiachwe peke yake, awahishwe hospitali. Dawa ya kunyunyizia pamba iliyo uvunguni mwa kitanda itolewe leo hii, ifungiwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao mtu mwingine.