SOMO: KUFUFUA LAND ROVER YA ZAMANI – MFUMO WA MAFUTA



Katika ziara zangu kandokando ya ziwa, kuanzia Sengerema hadi Magu, huonyeshwa Land Rover iliyolala chini ya mwembe kwa miaka. Nyingi ni Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu, kwa hiyo wazee wa kanisa huliona gari bado zima. Huniuliza: "Mratibu, tukipata betri na matairi, si litawaka?" Litawaka. Ila litafika wapi?

Tuanze na tangi. Petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando kama gundi, na unyevu huleta kutu ndani. Lishusheni lote. Tieni kokoto safi au kipande cha mnyororo pamoja na maji ya sabuni, litikiseni mpaka kutu litoke, lisuuzeni, likauke kabisa juani. Mkikuta tundu, msimruhusu fundi kulichomelea barabarani. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa maana kinacholipuka ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na mvuke huo hubaki kwenye mikunjo ya bati hata baada ya kusuuza. Kamati itafute tangi lingine. Akiumia kijana wa gereji kwa ajili ya kuokoa fedha kidogo, tutamwambia nini mama yake?

Paipu za zamani zitolewe zote. Mpya zifungwe kwenye chesesi, mbali na bomba la moshi, zisicheze. Vipande vya mpira viwe vya petroli. Mpira wa maji hulainika na kuvuja. Kabla ya pampu wekeni chujio.

Pampu yenyewe iko ubavuni mwa injini na husukumwa na kamshafti. Chini yake kuna kikombe cha kioo kinachoonyesha maji na uchafu. Dereva akitazame kila wiki. Mafundi wengi hupenda kufunga pampu ya umeme kutoka gari la kisasa lenye injekta. Msikubali. Pampu hiyo husukuma kwa nguvu mno, sindano ya kabureta hushindwa kuzuia, na petroli humwagika juu ya injini ya moto.

Kupima ni rahisi. Fungueni paipu kwenye kabureta injini ikiwa imepoa, kingeni kwa chupa, kisha pampuni kwa mkono kwa kutumia kile kiwiko kidogo cha pampu. Petroli itoke kwa mirindimo yenye nguvu, bila mapovu.

Sasa niwaeleze kosa letu wenyewe. Gari moja tulilofufua lilikuwa likizimika kila baada ya mwendo wa nusu saa hivi, na likipumzika huwaka tena. Tulinunua pampu mpya. Likazimika. Tukanunua ya pili, yote kwa fedha za mfadhili. Siku moja lilizima njiani kuelekea Magu likiwa limebeba mama mjamzito, akalazimika kuhamia kwenye gari la sangara lililokuwa likipita. Alijifungua salama, lakini usiku ule sikulala. Kesho yake dereva alifungua kifuniko cha tangi, akasikia hewa ikiingia kwa mvumo. Kifuniko tulichonunua sokoni hakikuwa na tundu la hewa! Mafuta yakipungua hewa haiingii, tangi linajivuta, pampu inashindwa. Tulibadilisha kifuniko. Pampu ile ya pili haikuwa na ubaya wowote, na niliandika hivyo kwenye taarifa, pamoja na gharama yake.

Jambo la mwisho ni mafuta yenyewe. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka kinasaba kwenye mafuta ili kuwabana wanaochanganya mafuta ya taa, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo. Hata hivyo, petroli ya kwenye madumu kando ya barabara haina wa kuidhamini. Dereva ajaze kituoni, adai risiti, na mhasibu wa usharika aandike lita na kilomita kwenye daftari moja. Gari likianza kula mafuta kuliko mwezi uliopita, kagueni kwanza paipu na kabureta, kabla ya kumshuku dereva.