Ulimi Mzito Haukuzuia Wito



Nawaandikia kutoka Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa. Mimi nina kigugumizi tangu utotoni. Kwenye jumuiya, zamu yangu ya kutaja nia ikikaribia, moyo unaenda mbio. Neno nalijua, lipo kabisa, ila halitoki. Na linalonigomea kuliko yote ni jina langu mwenyewe!

Tufungue Kutoka 4:10-16. Musa anamwambia Mungu kuwa yeye si msemaji, ulimi wake ni mzito. Mungu anamkumbusha ni nani aliyeumba kinywa cha mwanadamu, anaahidi kuwa naye, kisha anampa ndugu yake Aroni. Angalia vizuri: katika aya hizo hatusomi kwamba ulimi ulinyooshwa kwanza. Musa anatumwa hivyohivyo alivyo.

Kanisa lina mfano mwingine: Mwenyeheri Notker, mmonaki Mbenediktini wa abasia ya St. Gallen, Uswisi, aliyefariki mwaka 912. Aliitwa Balbulus, yaani mwenye kigugumizi, na hakuficha. Aliandika mwenyewe kwamba ana kigugumizi na hana meno. Huyohuyo alitunga kitabu kizima cha nyimbo za Misa. Ni Wabenediktini pia walioanzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898, na Injili ikaenea huku kwetu Ruvuma.

Simshangai Notker. Wengi wetu tukiimba hatukwami. Mimi kwenye kwaya naimba mpaka mwisho. Kigugumizi si uongo, wala si akili ndogo. Kinahusu jinsi ubongo unavyoongoza usemaji, na mara nyingi hutembea kwenye ukoo.

Wewe unayetusikiliza, unaweza kuwa Aroni. Aroni alisimama upande wa Musa. Basi usicheke, usitumalizie neno, usituambie "tulia kwanza". Tutazame, subiri. Sekunde chache tu, lakini kwetu ni sadaka kubwa.

Na wewe mwenye kigugumizi, ukipangiwa somo la Misa usikimbie. Liombe mapema, lisome kwa sauti nyumbani, siku ikifika soma taratibu. Ukikwama, pumua, endelea. Neno la Mungu halipungui kwa kuchelewa kidogo.

Tafakari: katika jumuiya yako, nani hunyamaza kwa sababu hakuna anayemsubiri?

Tusali: Ee Bwana, uliyeumba kinywa, wape wasemao ujasiri, na sisi tusikiao uvumilivu. Amina.