Sura za Ndege Kitabuni: Maswali na Majibu kwa Anayeanza Kukusanya

Kitabu cha picha za sura za ndege kinatofautianaje na kile cha kutambulia ndege?

Kitabu cha kutambulia unakwenda nacho porini. Kinakuonyesha dume na jike, alama za mabawa na ramani ya mahali ndege anapopatikana. Ukishapata jina, unakifunga. Hiki kingine kinakutaka ukae na ndege mmoja. Mpigapicha amechagua mwanga, amechagua kichwa kielekee upande gani, na ameondoa kila kitu ambacho kingekuvuta macho pembeni. Mara nyingi hata jina la ndege limewekwa kurasa za mwisho, nami naliona hilo ni jambo jema: unatazama kwanza, unasoma baadaye.

Nani walianza kazi hii?

Mwaka 1895 ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walitoa kitabu cha viota vya ndege wa kwao chenye picha zilizopigwa huko huko porini. Ili wawakaribie ndege, walifika hadi kujificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa ionekane kama mnyama mzima. Cherry ndiye yule aliyekuja Kenya mwaka 1909 akampiga filamu Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, katika safari yake ya uwindaji. Mwingereza mwingine, Eric Hosking, alipoteza jicho la kushoto mwaka 1937 baada ya kushambuliwa na bundi, na bado aliendelea kupiga picha za ndege maisha yake yote.

Lakini aliyeifanya picha ya ndege iwe sanaa ya kutundikwa ukutani, kwa maoni yangu, ni Mmarekani Eliot Porter. Alisomea udaktari, akaacha maabara kwa ajili ya kamera. Picha zake za mwanzo zilikuwa nyeusi na nyeupe, naye akaambiwa na mchapishaji kwamba ndege bila rangi hawatambuliki. Akahamia filamu ya rangi na fleshi wakati wasanii wengi waliidharau rangi. Mwaka 1943 jumba la Museum of Modern Art, New York, likaonyesha ndege wake wa rangi. Kitabu chake *Birds of North America* kilitoka mwaka 1972, na hadi leo ukikifungua unamwona mtu aliyejua kusubiri.

Wapigapicha wa siku hizi huweka ndege mbele ya ukuta mweupe au mweusi. Je, hilo halimwondolei ndege uhai?

Linamwondolea makazi, na hiyo ni hasara ya kweli. Andrew Zuckerman katika *Bird* (2009) alitumia weupe mtupu. Joel Sartore, katika mradi wake wa Photo Ark, hutumia weusi au weupe kwa wanyama wanaofugwa kwenye bustani na vituo vya hifadhi. Hoja ya Sartore ni kwamba pasipo mti wala jiwe la kulinganishia, mdogo anakuwa sawa na mkubwa. Mradi wenyewe aliuanza na fuko uchi, mnyama wa huku kwetu Afrika Mashariki ambaye wengi hawamtupii jicho. Hoja hiyo naikubali. Nisichokikubali ni kitabu kizima chenye mwanga wa aina moja, tai na shomoro wakimulikwa sawasawa.

Nitajuaje kama kitabu kimechapwa vizuri?

Kifungue mchana, karibu na dirisha. Anza na ndege mweusi. Kunguru aliyechapwa vibaya ni doa la wino. Aliyechapwa vizuri, weusi wa bawa unaachana na weusi wa shingo, na manyoya ya kifuani unayaona moja moja. Nenda kwa yangeyange: weupe wake usimezwe na weupe wa karatasi. Kisha tazama ukingo wa mdomo kwa lenzi ya kukuzia. Ukiona uzi mwembamba mwekundu au wa samawati umetokeza pembeni, ujue rangi hazikukaa sawa mashineni. Angalia na mshono: kitabu kilichoshonwa kinalala wazi, cha gundi tupu kinajikunja na kumeza nusu ya kichwa cha ndege katikati ya kurasa.

Pana jambo moja linalowashinda hata wapiga chapa hodari. Mng'ao wa koo la chozi, au wa mgongo wa kwezi, hautokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya peke yake. Unatokana na tabaka nyembamba mno zinazorudisha mwanga, ndiyo maana ndege akigeuka kidogo tu, kijani kinageuka zambarau au kinazimika kabisa. Wino hauwezi hivyo. Mpigapicha anayelijua hili huchagua pembe ambayo sehemu ya koo inawaka na sehemu imezimika, jicho la mtazamaji likamalizia. Picha ambayo koo lote linang'aa sawasawa naitilia shaka.

Nianze na kitabu gani?

*Extraordinary Chickens* cha Stephen Green-Armytage, cha mwaka 2000. Ni kuku tu, wenye vishungi na manyoya hadi miguuni, wamepigwa kwa heshima anayopewa mfalme. Tafuta nakala iliyotumika. Toleo la kwanza lina thamani zaidi likiwa bado na gamba lake la nje lisilochanika, lakini usinunue gamba ukasahau picha.

Nakaa Pwani. Nitavitunzaje?

Adui mkubwa ni unyevu. Karatasi zenye kung'aa zikilowa hushikana, na ukizibandua picha inatoka nazo. Usiweke kabati likagusa ukuta wa nje, wala usivifunge vitabu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Vikubwa vilaze chali, visizidi viwili au vitatu. Jua linapausha magamba, na mende hula gundi na kitambaa cha jalada, kwa hiyo fungua na kukagua mara kwa mara. Glavu huhitaji; mikono safi iliyokauka inatosha.

Kitabu gani ungependa kukiona kikichapwa hapa kwetu?

Cha kuku wa kuchi. Shingo ndefu, kifua cha mpiganaji, jicho kali: ni ndege aliyeumbwa kwa ajili ya kamera. Hahitaji studio ya gharama. Kitambaa cheusi, kivuli cha baraza asubuhi na mfugaji mwenyewe amshike jogoo hadi atulie. Wapigapicha wa Tanga, Mombasa na Lamu, kazi hii ni yenu. Andikeni na majina ya rangi kama wafugaji wanavyoyataja, kisha tafuteni mpiga chapa anayejua kuchapa weusi.