Kukerwa kwa Mtu Si Sheria

Tangu Februari 2014 Waganda wengi wanaamini kwamba ipo sheria inayokataza sketi fupi. Haipo, wala haijawahi kuwepo katika kizazi hiki. Iliyokuwepo ni Sheria ya Kupinga Ponografia, iliyopitishwa na Bunge Desemba 2013 na kutiwa saini na Rais tarehe 6 Februari 2014. Muswada wa awali ulitaja matiti, mapaja na makalio, lakini maneno hayo yaliondolewa kabla ya kura kupigwa. Magazeti yalikwisha kuibatiza sheria ya minisketi, na Waziri wa Maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, alikuwa amewaonya wanawake kuhusu mavazi yao. Jina likashinda maandishi. Ndani ya wiki chache makundi ya wanaume yalikuwa yakiwavua wanawake nguo hadharani, Kampala na katika miji mingine, yakidai yanasimamia sheria, na mwishoni mwa mwezi huohuo wanawake wakakusanyika mbele ya National Theatre kupinga. Kwa msomaji wa Bugembe, Jinja au Mbale, jambo la kushika ni hili: mtu kukerwa na mwili wako, nguo yako au wimbo wako hakukufanyi mhalifu. Kosa ni lile tu lililoandikwa waziwazi katika sheria, na anayeweza kukuadhibu kwa kosa hilo ni mahakama peke yake.

Haya si maoni yangu tu. Ibara ya 28(12) ya Katiba inasema kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo sheria haijalifafanua na kulitajia adhabu. Sheria ya 2014 ilikwama hapo. Kifungu cha 2 kilieleza ponografia kuwa ni onyesho la vitendo vya ngono kwa njia yoyote ile, au onyesho la sehemu za siri za mtu kwa lengo hasa la kuamsha ashiki. Ashiki ya nani? Ya kijana wa miaka 20, ya mchungaji, au ya askari anayekukamata? Picha ya mafunzo ya afya ya uzazi inayomfundisha mkunga inaweza kumwasha mwingine, na mwenye picha hana njia ya kujua mapema kama amevunja sheria. Na adhabu haikuwa ndogo: kifungu cha 13 kiliruhusu faini ya hadi shilingi milioni 10, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Profesa Sylvia Tamale, wakili Lillian Drabo na wenzao walifungua shauri mwaka huohuo wa 2014. Iliwabidi wasubiri miaka 7. Tarehe 13 Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vya 2, 11, 13 na 15. Jaji Frederick Egonda-Ntende, aliyeandika hukumu kuu, aliona ufafanuzi huo ni mpana na una utata kiasi kwamba raia hawezi kujua kilichokatazwa. Katika miaka hiyo 7 wapo waliokamatwa, akiwemo mwanamuziki Jemimah Kansiime, aliyewekwa rumande mwishoni mwa 2014 kwa sababu ya video ya wimbo wake.

Tulete jambo hili mtaani. Chukua kijana mwenye kibanda kando ya barabara ya kwenda Iganga: kompyuta moja, waya wa kusomea kadi za memori, na wateja wanaoweka nyimbo na filamu zilizotafsiriwa kwa Kiganda. Akitokea mtu akasema anakagua picha chafu na kutaka kubeba kompyuta, kijana ana haki ya kuuliza mambo mawili: wewe ni nani, na hati iko wapi. Ibara ya 27 inalinda nyumba, mali na mawasiliano dhidi ya upekuzi usio halali, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inaweka utaratibu wa hakimu kutoa hati baada ya polisi kumweleza sababu za msingi. Simu yako nayo ni kompyuta mbele ya sheria hiyo. Uliza kwa adabu, usishikane na askari mwenye silaha, ila andika jina lake, namba yake na kituo chake. Na ukisombwa usiku nje ya baa kwa madai kwamba unazurura, kumbuka kwamba mnamo Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele vya uzururaji katika kifungu cha 168 cha Kanuni ya Adhabu, ambavyo kwa miaka mingi vilitumika kuwazoa wanawake na vijana maskini barabarani.

Wazazi watauliza: je, watoto wetu tumewaacha wazi? Swali hili ni zito, na jibu lake ni hapana. Hukumu ya 2021 haikugusa ulinzi wa watoto katika Sheria ya Kompyuta. Kutengeneza, kusambaza au kumiliki picha za ngono za mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Hapo sheria inajua inachokataza na inamlinda nani, ndiyo maana inasimama. Anayemwonyesha mtoto mambo hayo kibandani hawezi kujificha nyuma ya uhuru wa kujieleza, na mwenye kibanda anayeruhusu watoto waingie usiku asitafute utetezi kwangu.

Pingamizi la pili ni la utamaduni, na katika mji kama Bugembe, ambao makao makuu ya ufalme wa Busoga yako kilimani pake, pamoja na kanisa kuu la dayosisi, si pingamizi la kupuuza. Ibara ya 37 inakupa haki ya kufuata utamaduni wako. Lakini Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 33, inakataza sheria, mila au desturi inayoshusha utu wa mwanamke. Mila inaongoza anayeikubali. Haimpi jirani ruhusa ya kumpiga asiyeikubali. Tena heshima ya mavazi haijawahi kusimama mahali pamoja. Gomesi, vazi la heshima leo katika kila arusi ya Busoga, ni mshono wa mwanzoni mwa karne ya 20 unaohusishwa na fundi Mgoa na shule ya wasichana ya Gayaza. Minisketi ilipigwa vita na serikali ya Idi Amin katika miaka ya 1970, na Tanzania ilikwisha kufanya hivyo mwaka 1968 kwa Operesheni Vijana. Nguo zilizowindwa siku hizo, kama suruali za kubana, leo zinavaliwa mpaka kanisani. Hatuwezi kumfunga mtu miaka 10 kwa kipimo ambacho wajukuu wetu watakiona cha ajabu.

Wengine husema walio wengi wameamua kupitia Bunge, basi yametosha. Septemba 2022 tuliliona hilo hapa Jinja. Bunge lilielekeza tamasha la Nyege Nyege, lililopangwa kufanyika Itanda, lisimamishwe kwa madai ya uasherati. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu kwa masharti. Wenye vyumba vya kulala wageni na waendesha bodaboda hawakujua washike lipi. Bunge hutunga sheria kwa muswada uliojadiliwa, ukapitishwa na kutiwa saini. Kauli ya hasira ndani ya ukumbi haimgeuzi mcheza ngoma kuwa mhalifu. Na hata muswada ukipita, ibara ya 43 inataka kila kizuizi kiwe kile kinachoweza kuhalalishwa katika jamii huru ya kidemokrasia. Mahakama ya Upeo ilisimamia kipimo hicho mwaka 2004, katika shauri la waandishi Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda, ilipofuta kosa la kuchapisha habari za uongo.

Jambo linaloniuma zaidi ni la picha za faragha zinazovujishwa. Chini ya sheria ya 2014 mwanamke aliyesambaziwa picha na mpenzi wa zamani alitishiwa kukamatwa yeye mwenyewe, ati ndiye ponografia. Huko ni kumwadhibu aliyeibiwa. Faragha yako inalindwa na ibara ya 27, na anayekudai pesa ili asizitume anatenda kosa la kudai mali kwa vitisho. Usimlipe, kwa kuwa akilipwa mara moja atarudi. Usifute ujumbe wake. Piga picha ya skrini ikionyesha namba, tarehe na saa, weka nakala kwa mtu unayemwamini, kisha nenda polisi ukiwa na mtu wa kukusindikiza.

Aliyevuliwa nguo na kundi la watu naye ametendewa jinai: shambulio la aibu dhidi ya mwanamke au msichana linabeba hadi miaka 14. Kenya, baada ya maandamano ya Novemba 2014 Nairobi, iliandika kosa la pekee la kumvua mtu nguo, lenye kifungo kisichopungua miaka 10. Kwetu kifungu cha shambulio kinatosha, kikitumiwa. Chukua fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeraha, upimwe siku hiyohiyo katika kituo cha afya cha serikali, kama kile cha Bugembe, na nguo zilizochanika uziweke bila kuzifua. Polisi wakikataa kufungua jalada, ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu iko Jinja na inapokea malalamiko bila ada. Na kama ni wewe uliyekamatwa, lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe wakili, na ufikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Bondi ya polisi ni bure. Anayekuomba hela kwa ajili yake, mwombe risiti.