Kunde Zinapokosa Vifundo: Somo Kuhusu Udongo Uliochafuliwa



Hebu tuwaze kikundi kimoja cha akina mama. Wamepewa ploti bure kando ya soko, mahali ambapo zamani palikuwa pakivunjwa betri kuukuu za magari. Wanalima, wanapanda kunde. Mbegu ni nzuri, mvua imekuja, palizi imefanywa mara mbili. Lakini kunde zinabaki fupi na majani yake ni ya manjano. Mmoja anasema ni mbegu, mwingine anasema ni jicho baya. Mwenyekiti anasema, "Tuongeze mbolea ya duka." Wanaiweka, na kweli, kunde zinashika rangi. Wanachuma majani, wanauza sokoni na mengine wanapika nyumbani.

Je, tatizo limekwisha? La. Limefichwa tu. Tuone kwa nini.

1. Kunde hupata wapi chakula chake?

Mimea ya jamii ya kunde, yaani kunde zenyewe, maharagwe, ndengu, mbaazi, njahi na njugu, ina rafiki udongoni. Ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Huingia katika mizizi na kujenga vifundo. Humo ndani huchukua naitrojeni ya hewa na kuugeuza kuwa mbolea ya mmea. Mmea nao huwalipa kwa sukari. Ndiyo sababu wazee wetu walichanganya mahindi na maharagwe katika shamba moja. Ni mbolea isiyonunuliwa.

2. Madini mazito ni nini, nayo hutoka wapi?

Ni madini kama risasi, kadimi, zebaki, zinki na shaba. Mmea unahitaji zinki na shaba kidogo sana, lakini zikizidi ni sumu. Risasi, kadimi na zebaki hazina faida yoyote kwetu wala kwa mmea. Angalieni mahali hapa:

- Palipovunjwa au kuyeyushwa betri za magari (risasi).
- Dampo, na mahali panapochomwa nyaya na vyuma chakavu.
- Mashamba yanayonyweshewa maji taka ya mji au ya viwanda.
- Machimbo ya dhahabu, kama ya Migori na Kakamega, ambako zebaki hutumika kukamata dhahabu.
- Mashamba ya zamani ya kahawa, yaliyopigwa dawa ya shaba miaka mingi.
- Kando ya barabara kuu. Petroli yenye risasi imekwisha nchini, lakini risasi iliyoanguka udongoni miaka ile haikuondoka.

Hapo ndipo penye ugumu. Ganda la ndizi huoza, hata dawa nyingi za wadudu hupungua nguvu. Madini hayaozi. Yakishaingia, mjukuu wako atayakuta.

3. Huharibu nini shambani?

Mahali pengine madini hudumaza mizizi na mmea hukauka. Lakini mara nyingi wa kwanza kuumia si mmea, ni yule rafiki yake.

Kuna jaribio mashuhuri la Woburn, huko Uingereza. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1961, sehemu za shamba moja ziliwekwa tope la maji taka ya mji, lenye zinki, kadimi na shaba. Sehemu nyingine ziliwekwa samadi. Zaidi ya miaka 20 baadaye, wataalamu walipanda mmea wa jamii ya kunde wa malisho. Penye samadi ulistawi. Penye tope ulidumaa, na vifundo vyake havikuweza kutengeneza mbolea. Ulipopewa mbolea ya naitrojeni, ulikua vizuri.

Mmeona? Ni kama kunde za wale akina mama. Mbolea ya duka ilifanya kazi ya vijidudu vilivyokufa, lakini sumu ilibaki palepale.

4. Hatari iliyo mezani

Majani mara nyingi hubeba risasi nyingi kuliko mbegu, na vumbi la udongo hushika juu yake. Sisi kunde tunazila majani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hata ikiwa kidogo. Kadimi huharibu figo.

Tusidhani ni mambo ya mbali. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi katikati ya watu kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Watoto walipatikana na risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ilipanda ngazi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaipa nguvu tena hukumu hiyo. Lakini fedha hazirudishi afya ya mtoto.

5. Jipimieni wenyewe

(a) Jazeni makopo matatu udongo wa ploti mnayoishuku, na matatu udongo wa shamba mnaloliamini. Msiweke mbolea yoyote.
(b) Pandeni kunde za mbegu moja, mnyweshee sawasawa.
(c) Wiki ya tano au ya sita, maua yakikaribia, pasueni makopo na kuosha mizizi polepole ndani ya beseni. Msing'oe kwa nguvu, vifundo vitakatika.
(d) Hesabuni vifundo, kisha mvikate kwa wembe. Vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, havifanyi kazi.

Angalieni: udongo wenye uchachu au uliokosa fosforasi nao huleta vifundo vibaya. Tena vifundo vizuri si cheti cha usalama, kwa kuwa risasi inaweza kuwamo na kunde zikapendeza. Jaribio hili linawapa sababu ya kuuliza tu. Jibu ni la maabara. Mwulizeni afisa wa kilimo, au pelekeni udongo maabara ya KALRO, Kabete. Semeni wazi kwamba mnataka kupimiwa risasi na kadimi, maana kipimo cha kawaida huangalia rutuba na uchachu.

6. La kufanya

- Kabla ya kupokea ploti, ulizeni wazee: zamani palikuwa na nini hapa?
- Mahali penye shaka, msipande mboga za majani wala mihogo na viazi. Pandeni miti ya mbao.
- Chokaa na samadi hufanya madini yashikwe na udongo, yasipande sana kwenye mmea. Hayaondoki, lakini hupunguzwa makali.
- Betri kuukuu zisivunjwe nyumbani. Zirudishwe kwa muuzaji.
- Watoto wasichezee udongo huo, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni mahali gani panapofaa kuulizwa habari zake?
2. Wale akina mama wamekwisha kuuza majani misimu miwili, na ploti ni ya bure. Wafanye nini sasa? Nani awaambie wateja wao?
3. Nani ataandaa makopo sita kabla ya mkutano ujao?