RAMANI, SETILAITI NA MAJI YA MVUA

Kila msimu wa masika unapokaribia, suala la mafuriko hurejea vinywani mwa watu. Makala haya yanaeleza namna ramani za kompyuta, pamoja na data nyingi zinazokusanywa mahali pamoja, zinavyosaidia kujua mapema maji yatapita wapi.

Yafaa kwanza hesabu yenyewe ieleweke. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita mraba moja hutoa lita moja ya maji. Hivyo mvua ya milimita 50 katika hekta moja huleta lita 500,000. Penye miti na udongo, sehemu kubwa ya maji hayo huzama ardhini. Palipoezekwa mabati na kumwagwa saruji hayana pa kuzama, nayo hukimbilia mabondeni kwa mara moja.

Mfano wa karibu ni Mto Msimbazi wa Dar es Salaam, unaoanzia vilima vya Pugu na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini humo yaliua watu wapatao 40, na baadhi ya waliopoteza makaazi walihamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakaazi walipita mtaa kwa mtaa wakitia nyumba, njia na mitaro katika ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Wenyeji nao waliulizwa maji yaliwahi kufika wapi. Jawabu la mzee aliyeishi bondeni miaka 30, likishatiwa ramanini, lina thamani sawa na kipimo cha chombo, na pengine huzidi.

Maana setilaiti nazo zina mipaka yake. Sentinel-1, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya mwaka 2014, hutumia rada inayopenya mawingu na kuona hata usiku. Maji yaliyotulia huonekana meusi kwa kuwa hayairejeshei mawimbi yake. Lakini hupita juu ya mahali pamoja baada ya siku kadhaa, ilhali mto wa mjini hujaa na kupwa kwa saa chache. Aidha, kuta za nyumba zilizosongamana huivuruga. Chombo hicho hufaa zaidi kwa mabonde mapana, mfano wa Rufiji.

Kwa upande wa Zanzibar, kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha za Unguja na Pemba. Kutokana na picha zinazopishana, kompyuta hukokotoa kimo cha ardhi na mwelekeo wa maji. Bonde ambalo mpita njia halitambui wakati wa kiangazi hujitokeza wazi. Hata hivyo, picha ya angani haioni upana wa kalvati lililo chini ya barabara, wala taka zilizoliziba. Hapo hapana budi mtu ashuke na kipimo mkononi.

Anayekusudia kununua kiwanja wakati wa kiangazi anashauriwa amuulize sheha na majirani maji yalifika wapi masika yaliyopita, na aitazame ramani ya eneo hilo kabla ya kutoa fedha zake.