Eneo Bunge la 6 la Georgia: Namba Ile Ile, Watu Wengine

Wakenya wengi waliohamia Georgia, Marekani, wanaishi Marietta na miji mingine ya kaunti ya Cobb, viungani mwa Atlanta. Kila uchaguzi unapokaribia, jamaa zao walio nyumbani husikia habari za "eneo bunge la 6", na kila mara linasimuliwa kivingine. Mara ni ngome ya Republican, mara ni la Democratic. Mara ni la weupe wenye fedha, mara ni la Wamarekani weusi. Yote hayo yamewahi kuwa kweli, kila moja kwa wakati wake. Majibu yafuatayo yanaeleza ilivyokuwa. Katika makala haya Georgia ni jimbo, na sehemu inayomchagua mbunge mmoja ni eneo bunge.

Eneo bunge moja lina watu wangapi?

Baraza la Wawakilishi la Marekani lina viti 435. Kila baada ya miaka 10 hufanyika sensa, kisha viti hugawanywa upya kati ya majimbo 50 kwa kufuata idadi ya watu. Georgia ilikuwa na viti 10 katika miaka ya 1980. Leo ina 14. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 10,711,908 katika jimbo hilo. Ukigawanya kwa 14, kila eneo bunge linapata watu 765,136, na mipaka huchorwa ili idadi ikaribie hapo kabisa.

Usawa huo haukuja wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, eneo bunge la 5, lililobeba Atlanta, lilikuwa na watu 823,680, ilhali la 9, lililokuwa kaskazini, lilikuwa na 272,154. Yote mawili yalikuwa na mbunge mmoja mmoja, kwa hiyo kura ya mtu wa kaskazini ilikuwa na uzito mara tatu ya kura ya mtu wa Atlanta. Wapiga kura wa Atlanta walikwenda mahakamani, na tarehe 17 Februari 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, katika kesi ya Wesberry dhidi ya Sanders, kwamba maeneo bunge ya jimbo moja lazima yakaribiane kwa idadi ya watu. Uamuzi huo unafuatwa nchi nzima mpaka leo.

Viunga hivi vilijaaje watu?

Marietta ilikuwa mji mdogo hadi Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Bell ilipojenga hapo kiwanda cha ndege za kivita aina ya B-29. Kilipofikia kilele kiliajiri karibu watu 28,000. Lockheed ilikichukua mwaka 1951, na baadaye ndege za mizigo za C-130 zikawa zinaundwa hapo.

Sababu ya pili ni ubaguzi wa rangi. Shule za Atlanta zilipoanza kuchanganya watoto weusi na weupe mwaka 1961, familia nyingi za weupe zilihama mji na kwenda kaskazini, zikifuata barabara kuu mpya. Mwaka 1965 wapiga kura wa Cobb walikataa kujiunga na MARTA, mfumo wa usafiri wa umma wa Atlanta, na hadi sasa treni zake hazifiki huko. Hivyo viunga vya kaskazini vikakua vikiwa vya watu wenye magari, nyumba zenye ua na mishahara ya ofisini.

Baadaye wakaja wengine. Wahindi na Wakorea walihamia miji kama Johns Creek na Alpharetta. Walatino, Wamarekani weusi wa tabaka la kati na wahamiaji kutoka Afrika nao wakanunua nyumba. Mtu anayedhani viunga vya Atlanta bado ni vya weupe watupu anazungumzia miaka 40 iliyopita.

Nani anachora mipaka?

Kenya ina tume ya IEBC kwa kazi hii. Georgia huliachia Bunge la jimbo lenyewe: ramani hupitishwa kama muswada wowote, kisha gavana akatia saini. Chama chenye wabunge wengi ndicho chenye kalamu.

Vyama vyote viwili vimeitumia kalamu hiyo kujinufaisha. Newt Gingrich wa Republican alichaguliwa mwaka 1978 katika eneo bunge la 6 la wakati huo, ambalo lilikuwa kusini na magharibi mwa Atlanta. Baada ya sensa ya 1990, Democratic waliolishika Bunge la Georgia walilivunjavunja eneo lake. Namba 6 ikahamishiwa viunga vya kaskazini, ambako Gingrich hakuwa na mizizi. Akahamia Cobb, akashinda mchujo wa chama chake mwaka 1992 kwa kura 980 tu. Mwaka 1995 akawa Spika wa Baraza la Wawakilishi. Waliotaka kumzika walikuwa wamempatia eneo salama kuliko lile la kwanza.

Ngome ya Republican iligeukaje?

Baada ya Gingrich kuondoka mwaka 1999, kiti kilikaliwa na Johnny Isakson, kisha Tom Price, wote wa Republican. Mwaka 2012 Mitt Romney, mgombea urais wa chama hicho, alishinda hapa kwa tofauti ya zaidi ya pointi 20. Mwaka 2016 Donald Trump alipata ushindi mwembamba wa takribani pointi 1.5. Wakazi wengi wenye shahada walikuwa wameanza kukihama chama, na majirani wapya walikuwa wamejiandikisha.

Price alipoteuliwa waziri wa afya mwaka 2017, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Jon Ossoff, kijana wa Democratic, alipata asilimia 48.1 katika duru ya kwanza, akashindwa na Karen Handel katika duru ya pili. Zaidi ya dola milioni 50 zilitumika. Hakuna uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi uliokuwa umegharimu kiasi hicho kabla ya hapo.

Mwaka uliofuata Handel alikabiliwa na Lucy McBath, aliyewahi kuwa mhudumu wa ndege. Mwanawe, Jordan Davis, aliuawa kwa risasi huko Florida mwaka 2012, akiwa na miaka 17, baada ya ugomvi juu ya muziki uliokuwa ukipigwa ndani ya gari. McBath aliingia siasa kudai sheria kali za silaha, akashinda kwa kura zaidi kidogo ya 3,000. Mwaka 2020 alimshinda tena Handel, safari hii kwa nafasi kubwa.

Nini kilitokea 2021 na 2023?

Safari hii Republican ndio waliokuwa na kalamu. Ramani ya 2021 ililisogeza eneo la 6 kaskazini hadi kaunti za Forsyth na Dawson, zenye wapiga kura wengi wa chama hicho. McBath akahamia eneo la 7 na kushinda huko mwaka 2022, na la 6 likaenda kwa Rich McCormick wa Republican.

Wapiga kura weusi na jumuiya zao walishtaki. Oktoba 2023 Jaji Steve Jones wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba ramani ilikiuka kifungu cha 2 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, kwa kuwa iliwanyima wapiga kura weusi wa magharibi mwa Atlanta nafasi ya kumchagua wanayemtaka. Aliagiza eneo moja zaidi lenye wapiga kura weusi wengi. Desemba hiyo Bunge lilichora upya, na namba 6 ikapewa sehemu za kaunti za Cobb, Douglas, Fulton na Fayette. Lakini ramani hiyo hiyo ililigeuza eneo la 7 liwe la Republican, na mgawanyo wa viti vya Republican na Democratic ukabaki 9 kwa 5. McBath akarudi kwenye namba 6 na kushinda kwa urahisi mwaka 2024.

Je, mbunge anaweza kuhamahama hivyo?

Ndiyo. Katiba inamtaka awe na miaka 25, awe raia kwa miaka 7 na awe mkazi wa jimbo anapochaguliwa. Haimlazimishi kuishi ndani ya eneo bunge lake.

Mhamiaji asiye raia anahesabiwa?

Anahesabiwa. Sensa huhesabu kila mkazi, raia na asiye raia, mtu mzima na mtoto, na hesabu hiyo ndiyo hugawanya viti kati ya majimbo. Kwa hiyo anayejificha mhesabu anapobisha hodi anaupunguzia mtaa wake uzito. Ofisi ya mbunge pia husaidia wakazi wa eneo lake, hata wasio raia, kufuatilia maombi yaliyokwama katika idara za serikali kuu, ikiwamo ya uhamiaji.

Mkazi afanye nini sasa?

Kwanza, aingize anwani yake kwenye tovuti rasmi ya wapiga kura ya Georgia ajue yuko eneo gani. Asitegemee namba aliyoizoea, kwa sababu mipaka huhama juu ya paa lake bila yeye kuhama. Pili, raia wapige kura pia kwa wabunge wa jimbo, chaguzi ambazo wengi huzipuuza, maana hao ndio wachora ramani. Sensa ijayo ni ya 2030, na ramani itakayotokana nayo itatumika katika uchaguzi wa 2032. Atakayeishika kalamu wakati huo ataamuliwa katika chaguzi zitakazotangulia.